Sponji za Darini

Mjomba wangu alikuwa fundi wa makochi, na mtaa mzima ulimwita Sponji. Ungeulizia nyumba ya fundi wa makochi, watu wangekukodolea macho tu. Ungeulizia kwa Sponji, hata mtoto anayejifunza kutembea angekunyooshea kidole. Jina lilimkaa kwa ajili ya kazi yake, na likamkaa zaidi kwa ajili ya tabia yake. Mtu yule alinyonya kila kitu. Mteja amtukane, ananyonya. Mkewe amsimange, ananyonya. Mimi, niliyelelewa naye tangu mama yangu alipofariki, nilimmwagia hasira zangu bila kipimo, naye alinisikiliza penseli ikiwa sikioni, kisha akaniuliza kama nimekula. Nilimpenda mno, lakini upole wake ulinichosha. Kuna siku nilitamani aninase kibao, nijue kwamba mle ndani kuna mtu.

Nyumba yetu ilikuwa ndefu na nyembamba. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana: fremu za makochi zimepandana, mapande ya sponji yameegemezwa ukutani, harufu ya gundi, na cherehani yangu pale dirishani, maana vitambaa vyote vya makochi nilishona mimi. Ukitoka karakana unaingia kwenye ukumbi mwembamba, unapita jiko, unapita chumba cha Mjomba na mkewe na kile changu, halafu mwishoni kabisa, kabla ya mlango wa uani, kuna chumba cha Bibi, mama yake Mjomba.

Kwetu sponji haikuwa kitu cha kununua. Ilikuwepo tu, kama vumbi. Tulioshea vyombo, tulifutia meza, tulizibia nyufa za madirisha wakati wa baridi. Mlango uliogonga ukuta uliwekewa kipande. Jirani aliyetaka mabega ya gauni yasimame alikuja kuomba, na msichana aliyetaka kifua chake kionekane kabla ya wakati wake alikuja pia, kwa aibu, akidai ni ya mto wa pini. Mwalimu wa shule ya karibu alichukua za kufutia ubao. Karani alichukua za kulowanishia vidole anapopanga karatasi zake. Timu ya mpira ya mtaani ilikuwa na ndoo na sponji yake, na mchezaji aliyejitia kuumia akikandwa nayo alifufuka papo hapo. Watoto nao walifunga mabaki kwa nailoni wakapata mpira. Wenye vitabu huiita sifongo, lakini sijamsikia mtu mwenye njaa akiongea hivyo. Bibi yeye alikuwa na neno moja kwa zote, yaani dodoki. Godoro kwake lilikuwa dodoki kubwa.

Mke wa Mjomba tulimwita Mama Keki, kwa sababu alioka keki za sponji za harusi na za vipaimara, akaziuza kabla hazijapoa. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na mafundi wawili, na wote wawili walikuwa na kipimo kimoja. Mjomba akitaka kujua kama sponji ni nzima, aliibonyeza kwa kiganja, akaachia, akaitazama. Ikirudi upesi ni nzima, ikibaki na shimo imekufa. Mama Keki akitoa keki kwenye oveni alifanya vilevile kwa kidole. Ikirudi imeiva. "Inarudi?" angeuliza mmoja kutoka chumba kingine. "Inarudi," mwenzake angejibu, na hapo mjadala umekwisha. Nimekua nikisikia neno hilo mpaka nikadhani dunia nzima hupimwa hivyo.

Bibi alikuwa amekufa ganzi upande mmoja. Mdomo ulikuwa umekwenda kando na maneno yalimtoka taratibu, lakini ukali haukupooza hata kidogo. Alikuwa na ulimi wa wembe. Alimwambia Mama Keki kwamba keki zake zina hewa nyingi kuliko mahubiri, akaniambia mimi nitaolewa na cherehani. Kitanda chake kilikuwa katikati ya chumba kwa sababu kuta zilikuwa na unyevu, na juu ya kitanda hicho, wakati wa mvua, dari ilidondosha maji.

Dari yenyewe ilikuwa ya mbao laini, zile hadibodi za rangi ya kahawia, zimepigiliwa misumari midogo kwenye fito. Bati la juu yake lilikuwa limeliwa na kutu. Fundi wa mabati alipanda akalitazama, akashuka akasema hilo si la kuziba, ni la kubadilisha. Mjomba akasema sawa, tukimaliza kazi iliyopo. Basi tukaweka beseni miguuni mwa Bibi, na kila mvua tulisikia to, to, to, mpaka Bibi akaanza kuyajibu maji kwa matusi.

Kazi iliyopo ilikuwa viti vya ukumbi mkubwa wa mikutano. Karakana ilijaa mpaka tulipita kwa ubavu. Kila kiti kilikuwa na kikalio cha mviringo, na ukitaka kupata mviringo kutoka kwenye pande la sponji lenye pembe nne, lazima ukate pembe. Pembe hizo zilizagaa kila mahali. Kuzichoma ni moshi mbaya unaokaba koo, kuzitupa Mjomba hakuweza. Hakuwa bahili. Alikuwa na huruma nazo, nadhani. Alizishika, akazibonyeza, zikarudi, akashindwa kuziita takataka. Ndipo akapanda kigoda ukumbini, akafungua kile kidirisha cha kuingilia darini, akaanza kuzisukumia juu. Alizimwaga bila magunia ili zienee vizuri, akazitandaza kwa fimbo mpaka juu ya chumba cha Bibi. Kila jioni alipanda na mzigo mwingine. Zilikuwa nyepesi kiasi kwamba alibeba rundo lililomfunika uso kwa mkono mmoja, akitucheka sisi tuliokuwa tukimwonea huruma.

Mvua zikaanza. Tuliweka beseni kama kawaida, tukangoja. Hakuna kilichodondoka. Siku ya pili hivyo hivyo. Mvua ilipiga bati kwa hasira, na beseni likakaa kavu kama kisigino cha msafiri. Mama Keki alicheka, akaoka keki, akaikata pale pale kitandani. Beseni likarudishwa jikoni. Majirani walipita kumpongeza Mjomba kwa akili aliyoitumia, na yeye, mtu ambaye maisha yake yote alipokea lawama tu, alikaa mlangoni akitabasamu, mikono yake haijui pa kukaa. Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Labda ndiyo sababu hakuna aliyetaka kuiharibu.

Bibi peke yake hakufurahi. Alisema hapati usingizi. Zamani alikuwa akisikia maji, sasa haelewi yamekwenda wapi. Mama Keki akamwambia, Mama, ulilalamika yakidondoka, unalalamika yasipodondoka, tukufanyie nini? Tulicheka wote. Na mimi nilicheka.

Kicheko kilinikatikia siku niliyokwenda uani kuchukua ndoo. Pembe moja ya sponji ilikuwa imeangukia kwenye karo la kufulia, ikalala ndani ya maji. Niliiokota kwa vidole viwili, kama ninavyoziokota kila siku. Mkono ukavutwa chini. Nilihisi nimeshika kiungo cha mtu. Niliinua kwa mikono miwili na maji yakanitiririkia mpaka viwikoni, na bado ilikuwa nzito. Nikasimama pale nikitazama paa letu. Machale yakanicheza, na tangu saa ile sikuwa na amani.

Niliingia chumbani kwa Bibi nikatazama juu, kwa macho mengine. Kulikuwa na doa la rangi ya chai ambalo awali halikuwepo. Kulikuwa na harufu pia, ile ya sponji ya vyombo iliyosahauliwa kwenye beseni. Na dari ilikuwa na tumbo. Halikuwa kubwa, lakini katikati, juu ya magoti ya Bibi, mbao zilikuwa zimeshuka kidogo, na vichwa vya misumari vilionekana vikichungulia, vyeusi.

Nikamwita Mjomba. Alikuja na kisu chake kirefu cha kukatia, akatazama juu muda mrefu. Kisha akachukua ufagio, akaugeuza, akafunga kitambaa kwenye ncha ya mpini asichafue, akasukuma lile tumbo la dari polepole. Likapanda. Akaondoa mpini. Likashuka taratibu, likatulia palepale lilipokuwa.

"Inarudi?" Mama Keki aliuliza kutoka jikoni.

"Inarudi," alisema Mjomba.

Walikuwa wanaipima dari kama godoro, kama keki. Mtu mwingine yeyote, asiyejua lolote kuhusu sponji, angeona mbao inacheza akatoka mbio. Mjomba aliona kitu kinachobonyea na kurudi, na maisha yake yote kitu kama hicho kilikuwa kizima.

Nilimfuata mpaka karakana. Nilimwambia maji yanaingia juu kila siku na hayatoki, yako wapi basi?

"Yamo kwenye sponji, mama," alisema. Aliniita hivyo tangu nikiwa mdogo. "Ndiyo kazi yake."

"Na ikishiba?"

"Jua likitoka bati litapata moto, itakauka yenyewe."

"Na Bibi yuko chini yake."

Alinitazama kwa upole ule ule ulionichosha. "Nani amewahi kuumizwa na sponji?" akasema, akarudi kwenye viti vyake.

Nilimpelekea ile pembe niliyoitoa kwenye karo, nikaidondosha juu ya meza yake ya kukatia. Ilitoa mshindo. Aliibonyeza, maji yakamwagika mezani yakalowesha kitambaa cha mteja, na hapo nikaona uso wake ukibadilika. Alielewa. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye watu walisema alikuwa mjinga. Alielewa vizuri kabisa, akaniambia tutazitoa. Akasema tutamhamisha Bibi kwanza, tuzitoe zote, na bati libadilishwe.

Lakini Bibi angehamia wapi? Chumba changu kilikuwa na kitanda kinachogusa kuta zote mbili na vitambaa mpaka dirishani, na chumba chao kilikuwa na magunia ya unga ya Mama Keki hata chini ya kitanda. Palibaki karakana. Mjomba akamwendea mama yake, akamweleza kwa heshima. Bibi akasikiliza mpaka mwisho.

"Nikalale na viti?" akasema. "Mimi ni kochi bovu? Unanipeleka kwa wateja wako wanitazame nikilishwa?"

Mwanaume mwingine angembeba mama yake kwa nguvu akamweka karakana, akatukanwa, mambo yakaisha. Mjomba alisema sawa, Mama. Msimamizi wa ule ukumbi wa mikutano naye akaja, akakuta viti vingine havijavalishwa, akafoka mbele ya watu, akataka vyote viondoke juma hilo. Mjomba akasema sawa, mzee. Mama Keki akamwambia mambo ya dari yasubiri, kwanza viti, asije akaonekana mbabaishaji. Sawa, mke wangu. Nami nilisimama pale nikamwambia nitapanda mwenyewe, akaniomba nisipande, fito ni mbovu, nitaanguka. Nikasonya, nikamwambia maisha yako yote ni sawa, sawa, sawa. Akaniuliza kama nimekula.

Siku zile za mwisho wa mvua ziliniumiza roho. Nilishona huku nimegeuza sikio upande wa ukumbini. Nilisogeza kitanda cha Bibi mpaka kwenye ukuta wenye unyevu, Bibi akapiga kelele mgongo unamwuma, Mama Keki akakirudisha. Nikakisogeza tena, akakirudisha tena katikati. Tulirushiana maneno ambayo hayarudiki. Tumbo la dari liliendelea kushuka, na mijusi iliyozoea kukaa pale karibu na taa sikuiona tena. Mjomba alikuwa akipita na ufagio wake asubuhi na jioni, anasukuma kidogo, anangoja, lakini siku hizo mkewe akiuliza kama inarudi, hakujibu.

Kisha mvua ikakatika. Ilinyesha mara ya mwisho alfajiri, jua likatoka kali, na asubuhi hiyo hiyo gari likaja likachukua viti vyote. Karakana ikawa tupu, sauti zetu zikawa zinarudi ukutani. Mjomba alitembea katikati yake kama mtu aliyetua mzigo. Alisema leo dari inashushwa, hakuna cha kesho. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu siku ya karo.

Tulimtoa Bibi uani. Mjomba alimbeba mwenyewe, akamketisha kwenye kiti chenye mikono karibu na kizingiti, miguu juani. Mama Keki akaleta maji ya uvuguvugu, tukamwogesha pale pale, shuka limetundikwa kwenye kamba kumsitiri. Bibi alikuwa na furaha. Alisema dodoki letu linakwaruza, kisha akasema tusiache. Ule mguu wake mzima aliunyoosha mbele akautazama ukikauka.

Mjomba alikuwa na siri. Kwa mabaki yake mazuri kabisa, yale mazito ambayo hayapatikani ovyo, alikuwa ameunganisha godoro, akalivalisha kitambaa nilichodhani ni cha mteja. Lilikuwa la mama yake. Alitaka kumaliza kila kitu siku moja: dari ishushwe, chumba kifagiliwe, Bibi arudi alale kwenye godoro jipya. Nilimwambia aanze na dari. Akasema ndiyo, ndiyo, ila kwanza alipime tu kama linaenea kwenye kitanda, ili akiona limezidi alikate wakati sisi tunaogesha. Akalipitisha mlangoni likiwa limekunjwa mabegani.

Sasa kuna desturi moja ya Mjomba ambayo kila mteja wake aliijua. Hakuna godoro lililotoka mkononi mwake kabla hajalilalia mwenyewe. Alisema fundi asiyelala kwenye kazi yake anauza asichokijua. Alilala chali, mikono kifuani, akafumba macho, na ungedhani anasali. Mara nyingi usingizi ulimchukua, tukamcheka.

Tulikuwa tunamfunga Bibi kanga Mjomba aliposema kutoka ndani, kwa sauti ya mtu aliyeridhika, "Mama, hili utalipenda."

Halafu kukawa na mshindo. Haukuwa mkubwa. Nimeeleza mara nyingi na watu wanataka niseme ulikuwa mkubwa, lakini ulikuwa wa kinyonge, mshindo wa nguo mbichi zikibwagwa sakafuni, ila nguo za mtaa mzima. Ukuta ukatetemeka.

Nilikimbia ndani. Chumba kilikuwa na mwanga, kwa sababu juu palikuwa wazi na jua lilipenya kwenye matobo ya bati. Kitanda hakikuonekana. Palikuwa na rundo la kahawia lililofika kiunoni mwangu, mbao na misumari na fito, na sponji, sponji, sponji, zimevimba, zinatoa maji. Nilianza kuvuta. Kila moja ilining'ang'ania mikono. Ile iliyopanda darini kwa mkono mmoja sasa sikuweza kuinyanyua mpaka niikamue. Mama Keki alikuja, tukawa tunakamua na kutupa, kukamua na kutupa, na maji yakapanda kwenye vifundo vya miguu yetu. Wanaume wa mtaani wakaingia na makoleo, wakatusogeza.

Walipomfikia Mjomba, uso wake haukuwa na jeraha. Fito moja ilikuwa imelala shingoni mwake na ule uzito wote ulikuwa juu ya fito. Mikono ilikuwa bado kifuani. Mmoja wao aliweka sikio pale, akasikiliza, akainuka bila kumtazama yeyote. Wakambeba. Na lile godoro, lililokuwa limebonyea umbo lake lote, kichwa na mabega na visigino, likaanza kupanda taratibu mbele ya macho yetu, mpaka likawa sawasawa, kama hakuna mtu aliyewahi kulilalia. Mama Keki aliliona. Alikuwa na kipande cha sponji mkononi na aliendelea kukikamua ingawa kilikuwa kimekwisha maji.

Nikamkumbuka Bibi. Tulimwacha peke yake juani.

Maji yalikuwa yametoka chumbani, yakapita ukumbini, yakavuka kizingiti, maji ya kahawia yenye harufu, maji ya mvua zote za msimu ule. Yalikuwa yamezunguka kiti chake. Bibi alikuwa ameinua mguu wake mzima usilowe, na ule wa ganzi umebaki ndani ya maji bila yeye kujua. Hakuwa na hofu. Alikuwa amekasirika tu, kwa kuwa tumemwogesha kisha tukamchafua.

"Kumbe yalikuwepo," aliniambia, polepole, kwa ule mdomo wake wa kando. "Mwite mwanangu aje na dodoki lake, afute."

Nikauinua ule mguu wa ganzi, nikaukausha kwa gauni langu. Nikamwambia naenda kumwita.